Mpe Mkono Ami Yako

Siku ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa, na nataka muijue hivyo kabla hamjaanza kuniletea habari za Bahla. Kila nikisimulia kisa hiki pana mtu hunikatiza: "Aa, nyinyi wa Nizwa? Basi Bahla si hapo tu, wachawi wa Bahla hao." La, wallahi. Watu wa Bahla wanafinyanga mitungi yao na kuangua tende zao, waacheni. Mchawi wetu sisi alikuwa na suti mbili za Kizungu, kadi zenye jina lake kwa maandishi ya dhahabu, na ofisi yenye AC.

Ilikuwa asubuhi ya Alkhamisi, Januari ya mwaka 2001. Bibi Ghaniya, mama wa baba yangu, yuko jikoni anapika vitumbua. Mdogo wangu Nadhir yuko sebuleni anapiga pasi kanzu. Mimi nimelala chali kwenye zulia na gazeti, ukurasa wa kazi. Matangazo mawili: anatakiwa dereva wa lori, na anatakiwa mwalimu wa kike.

"Adham, hebu nitazame," Nadhir akasema, kajivika kanzu na kofia. "Nafanana na mtu mwenye kazi?"

"Unafanana na bwana harusi aliyekimbiwa."

"Bora huyo. Angalau yeye alipata wa kumkimbia."

Bibi akacheka mpaka akaunguza kitumbua. Tulikuwa tukicheka hivyo, kwa sababu la kufanya jingine maashey, hakuna. Mimi nina digrii ya uhandisi kutoka Poona. Nadhir alikuwa na ya kompyuta. Miaka mitatu tumekaa nyumbani kama viti vya wageni. Ukenda kwenye interview, ukifungua mdomo tu wanasikia Kiarabu chetu kina Unguja ndani yake. Wanatabasamu. "Inshallah tutakupigia." Simu gani? Watoto wa mashangazi zao wameshakaa kwenye hizo kazi tangu hawajamaliza shule.

Sisi wasta yetu, mtu wa kutusukumia mambo maofisini, ilikuwa moja: Ami Mahrous.

Si ami wa damu. Alisoma na baba yangu Abdullatif Unguja kabla ya sitini na nne, akawahi kufika Oman kabla ya wenzake, akapanda ngazi. Alikuwa mkubwa wa ofisi ambayo siitaji, si kwa kuogopa, ila kwa sababu zote ni zile zile. Faili langu liko kwake, na la Nadhir liko kwake. Kila Idi tunakwenda kumbusu mkono, naye anasema neno lile lile kwa sauti ya asali: "Faili lako lipo kwangu, mwanangu. Subira."

Na alikuwa na okestra. Ndiyo, Nizwa, okestra. Okestra ya jamii, kila Jumatatu baada ya magharibi kwenye ukumbi wa klabu. Wazee wa Unguja na fidla zao na kodiani moja, wastaafu wa bendi ya jeshi na tarumbeta, manesi wawili wa Kihindi, na Lorna, Mmarekani aliyekuwa akisomesha Kiingereza, anapiga selo. Mahrous ndiye anayesimama mbele na kijiti. Asimame wapi pengine? Kupiga hajui. Fidla ya gharama ameinunua Cairo, lakini vidole vyake vilikuwa vizito kama ndizi mbivu. Nilimwona mara moja anamtazama Nadhir akipiga. Nilidhani ni mtu anayependa muziki. Kumbe ndivyo mtu anavyotazama sahani ya mwenzake.

Maana Nadhir alikuwa anapiga, bwana. Babu yetu alikuwa mpiga fidla wa taarabu, akatufundisha sote wawili, mimi nikapata ujuzi na yeye akapata roho. Tukikaa stendi moja ya nota, mimi nje, yeye ndani. Wa ndani ndiye mwenye kazi ya kupindua ukurasa. Nadhir akiramba dole gumba, anapindua, anakunja pembe ya karatasi. Na kabla ya mvuto mkubwa wa upinde anavuta pumzi puani, kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula. Babu hakupenda alama za Kizungu za upinde. Alitufundisha kuweka zetu, kwa penseli, herufi za Kiarabu juu ya nota: fe maana yake vuta, sini maana yake sukuma. Duniani waliokuwa wakiandika hivyo walikuwa watatu, na Babu alikufa mwaka themanini na nane.

Basi. Alkhamisi ile Mahrous alikuwa amempigia simu Nadhir. Aje kwenye shamba lake Samad Ash Shan, aje na fidla, wazungumze habari za kazi.

Nadhir akarudi kabla ya alasiri. Akakaa pembeni yangu juu ya zulia. Macho yake mazito.

"Nimepata," akasema.

Nikaruka. "Kazi? Kazi gani? Wapi?"

"Kwake."

"Kwake wapi, ofisini?"

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani. "Hakusema wapi. Tumepeana mkono tu." Kisha akautazama mkono wake wa kulia. "Nna usingizi, Adham. Niamshe kwa sala."

Nilikwenda kumwamsha. Hakuamka.

Daktari alisema moyo. Kijana wa miaka ishirini na nne, hajawahi kulazwa, moyo. Khalas, sahihi, muhuri. Mama akaanguka mlangoni. Baba akawa anapiga simu kwa watu, anarudia maneno yale yale, "amri ya Mungu, amri ya Mungu", kama mtu anayesoma bango.

Tulimwosha sisi: mimi, Baba, na Ami Mahrous, ambaye alikuwa wa kwanza kufika, hata kabla ya majirani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe. "Nimejikata na mundu wa mitende," alisema, hakuna aliyemuuliza.

Nikaoshwa na machozi yangu mwenyewe huku nimeushika mkono wa kushoto wa ndugu yangu. Nikapitisha kidole kwenye ncha za vidole vyake.

Mtu anayepiga fidla tangu ana miaka sita, ncha za vidole vyake vya kushoto huwa ngumu. Nyuzi hukata, ngozi hukomaa, inakuwa kama ukucha mwingine. Ndivyo nilivyo mimi. Ndivyo alivyokuwa yeye. Akinigonga kichwani na vidole vile nilikuwa naumia.

Hizi zilikuwa laini. Laini kama za mtoto mchanga. Hazijawahi kugusa uzi.

Nikainua uso. Mahrous alikuwa ananitazama.

"Mwagia maji, mwanangu," akasema polepole. "Maiti haicheleweshwi."

Nami nikamwagia. Mnanisikia? Wazee wawili wamesimama mbele yangu, mmoja baba yangu, mmoja rafiki yake, na mimi nimelelewa. Nimefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa. Nikanyamaza. Tukazika kabla ya isha kitu ambacho sikukijua.

Siku ya kumi na mbili, kwenye mazoezi ya Jumatatu, likafika katoni la nota kutoka Amerika. Lorna alikuwa ameliagiza kwa ajili ya tamasha: Jioni ya Muziki wa Kimarekani, mwezi wa pili, wageni, bendera za karatasi. Katoni lilikuwa limefungwa kwa utepe na stempu za posta yao. Alilikata yeye mwenyewe kwa mkasi mbele yetu sote, akanipa sehemu ya stendi yangu. Kisha akaweka kiti kitupu pembeni yangu, na juu yake fidla ya Nadhir, ambayo Baba alimpa kwa kulia.

"Back home, when we lose a player, we keep the chair," akasema, macho yamemjaa. "Nobody sits there."

Mtu mwema Lorna. Sina ugomvi naye.

Mahrous ndiye aliyebadilika rangi. "La, la. Haifai. Watu wa hapa hawataelewa, watasema haramu. Toa kiti." Sijapata kumwona akipandisha sauti. Lorna akakataa. Wakabishana kwa Kiingereza, yeye na bendeji yake, na mwisho akashindwa, kwa sababu wageni walikuwa wa Lorna.

Mimi nikafungua nota zangu. Ukurasa wa kwanza, safi. Wa pili, safi, muhuri wa shule fulani ya huko kwao. Wa tatu.

Penseli. Fe. Sini. Sini. Fe.

Pembe ya ukurasa imekunjwa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi Ghaniya peke yake. Habari za vidole, habari za penseli, habari za kiti. Hakushangaa. Alifunga mlango wa chumba chake, akajitanda kanga, akanong'ona.

"Watu wa hapa wanamwita mughayyab. Aliyefichwa. Watu wanamlia wanasema kafa, kumbe mchawi kamchukua akamfanyishe kazi. Mliyemzika si yeye."

"Kazi gani, Bibi?"

"Yoyote. Usiku na mchana. Hana mshahara, hana kulala."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na kicheko kilikuwa kichungu mdomoni. Miaka mitatu tunatembeza vyeti. Ndugu yangu hai hakupata kazi. Kafa, kapata.

"Nyamaza unisikilize," Bibi akasema. "Siku arubaini za mwanzo bado anaikumbuka njia. Hurudi pale alipozoea kukaa. Huyo Mzungu hajui alilolifanya, lakini amemwekea mlango. Ukimwona, mshike mkono wake wa kulia kwa mkono wako wa kulia. Usimwite jina. Usimtazame usoni. Usimwachilie mpaka usikie adhana. Ikilia adhana ungali umemshika, ni wako."

"Na nikimwachilia?"

Bibi akakunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja.

"Tamasha ni lini?" akauliza.

Nikahesabu. Siku ya thelathini na tisa.

Tamasha lilianza saa kumi, jua bado liko kwenye madirisha. Watu walikuja wengi kuliko viti. Wanaume mbele, wanawake ubavuni, Mama yangu na nguo zake nyeusi, Bibi pembeni yake na tasbihi. Kahawa na halwa zinangoja kwenye meza. Baba yuko mstari wa kwanza. Kushoto kwake alikaa mkuu wa chuo kimoja aliyekuwa anatafuta mwalimu wa muziki, Lorna ndiye aliyemleta na kuninong'oneza kabla hatujaingia: "He only needs to hear your solo." Mistari minane, katika wimbo wa mwisho. Miaka mitatu ya kungoja, na yote imekaa ndani ya mistari minane.

Kwenye ukuta, saa. Magharibi ingeadhiniwa saa kumi na mbili na dakika tano.

Tukapiga kile cha kwanza, cha gwaride, tarumbeta za jeshi zikafurahi. Nikafika chini ya ukurasa, nikanyoosha mkono kupindua.

Ulikuwa umeshapinduliwa.

Nikasema feni. Feni ziko juu, zinazunguka. Nikaendelea.

Cha pili kilikuwa cha kuchezacheza, cha piano za mabaa ya zamani, wazee wetu wakakitia taarabu bila ya kujua. Ukurasa ukapinduka. Pembeni pake, alama ya unyevu. Ya duara. Ya dole gumba.

Cha tatu kilikuwa cha treni. Sikuisikia treni. Nilisikia harufu ya kanzu iliyotoka sasa hivi kwenye pasi.

Nikatazama mbele. Mahrous alikuwa akirusha kijiti chake, na bendeji hana tena. Macho yake hayakuwa juu yangu. Yalikuwa juu ya kiti.

Lorna akasimama kueleza wimbo wa mwisho. Akasema ni wimbo wa watu waliochukuliwa kwao kwa nguvu, wakavushwa maji, wakafanyishwa kazi mashambani bila ya malipo, na walipoimba ndipo walipopumua. Mimi niliwatazama wazee wetu wa mstari wa mbele, wenye mikarafuu yao waliyoiacha nyuma, na vijakazi wa mabibi zao ambao hawatajwi. Wote walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma. Maskini Wamarekani weusi. Hakuna aliyeinama. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

Tukaanza. Polepole. Saa kumi na moja na dakika arubaini na nane.

Ukurasa wa kwanza wa wimbo ule ukaisha.

Nikauona mkono.

Ulitoka upande wa kiti kitupu. Mkono wa kanzu, mstari wa pasi umenyooka juu yake. Kiganja. Dole gumba, limelowa. Ukashika pembe ya karatasi, taratibu, kama siku zote.

Sikutazama uso.

Mistari minne tu kabla ya solo yangu. Mkuu wa chuo akasogea mbele kwenye kiti chake.

Nikauachia upinde ukaanguka chini. Nikaushika ule mkono.

Nilitegemea baridi. Ulikuwa wa moto. Hilo ndilo lililonivunja. Ulikuwa wa moto na una jasho, na chini ya dole langu mshipa wake ulikuwa unapiga, mbio mbio, kama wa mtu aliyetoka shamba anakimbia. Nikauvuta chini ya stendi, nikaukamata juu ya goti langu.

Solo yangu ikafika. Kodiani ikangoja, ikapiga sauti yake ya chini, ikangoja tena. Mistari minane ya ukimya. Watu wakatazamana. Lorna akanigeukia, midomo yake inasema jina langu. Mkuu wa chuo akaegemea nyuma, akasoma ile karatasi ya programu. Nikaiona kazi yangu inapita mbele yangu kama gari ya mtu mwingine. Ipite. Nimeshika kilicho changu.

Kisha sikioni. Sauti kavu, ya karibu.

"Adham. Nimechoka."

Nikauma mdomo mpaka nikaonja damu.

"Hapana kukaa kule."

Okestra ikamaliza bila yangu. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nane. Dakika saba. Nilikuwa nazihesabu kwa mshipa wake.

Mahrous akateremsha kijiti. Akainama kwa watu. Akanigeukia mimi, akakiona kiti, akauona mkono wangu chini ya stendi, akafahamu. Hakuharakisha. Akatabasamu.

Lorna ndiye aliyetufundisha: mwisho wa tamasha kiongozi huja kumpa mkono mpigaji wa stendi ya kwanza. Ndiyo desturi yao.

Akaja. Akasimama mbele yangu. Akanyoosha mkono wake wa kulia.

Sikuinuka. Makofi yakaendelea. Akangoja, mkono umenyooka. Makofi yakapungua. Nikafikiri kumpa wa kushoto. Mtu mzima, rika la baba yangu, mbele ya ukumbi mzima, wa kushoto? Nikafikiri kumtemea. Nikafikiri mengi. Dakika nne.

Makofi yakakoma.

Kutoka mstari wa mbele, Baba, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akitukanya nayo tukiwa wadogo mbele ya wageni:

"Adham. Mpe mkono ami yako."

Upande wa wanawake Bibi akasimama. "Usi—" akasema, na mtu akamwambia shhh, kaa bibi.

Ule mkono ndani ya wangu ukanibana. Mara moja. Mara mbili. Kama alivyokuwa akinibana tukivuka barabara, alipokuwa na miaka minne na mimi sita.

"Adham!" Baba akasema.

Nami nina digrii. Nami najua lugha tatu na matusi ya kila moja. Na mkono wangu wa kulia ukafunguka, ukanyanyuka wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu sijajua kutembea sawasawa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Akaupokea. Akaufunika kwa mkono wake wa kushoto juu yake, kwa mapenzi, watu waone. Ncha za vidole vyake zikagusa ngozi yangu.

Zilikuwa ngumu. Ngumu kama ukucha. Ngumu za miaka kumi na minane ya nyuzi.

Kiti pembeni yangu kilikuwa kitupu.

Hakuishia hapo. Akaichukua fidla ya Nadhir juu ya kiti, akawageukia watu, akasema kwa unyenyekevu, "Kidogo tu, kwa ajili ya marehemu." Mtu ambaye hakuwahi kupiga mstari mmoja bila ya kupotea. Akaiweka begani. Akavuta pumzi puani, kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya chakula.

Na akapiga.

Mama alipiga ukelele. Watu walisema ni uchungu wa mama. Mimi najua alichokisikia.

Adhana ikalia katikati. Mahrous akasita palepale, akateremsha upinde kwa heshima, akainamisha kichwa. Mtu wa dini.

Nje kwenye gari nilimwambia Baba kila kitu, kwa makelele. Akaendesha mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Umeniaibisha mbele za watu, solo hukupiga, mkono umengojwa. Lakini una msiba, nakusamehe." Alinisamehe! Bibi hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu.

"Umempa mkono gani?"

"Wa kulia."

Akajifunika uso kwa kanga yake.

Siku ya tatu simu ikalia. "Mwanangu Adham," sauti ya asali. "Faili lako limepita. Njoo Samad Alkhamisi. Uje na fidla yako. Tupeane mkono."

Nikamtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kiarabu, nikamalizia kwa Kiingereza ili asikose hata kipande, nikakata simu. Ndiyo maana mpaka leo, miaka saba baadaye, sina kazi. Wale wanaoniita mvivu barazani, someni hapa. Kazi niliitiwa. Nimeikataa. Na kila asubuhi kabla sijaosha uso naipapasa kwanza mikono yangu, ncha za vidole vya kushoto, kimoja kimoja.

Mahrous hajambo, alhamdulillah yao. Anaalikwa Ibra, anaalikwa Sur, harusi za wakubwa. Watu wanasema uzee umemfungulia mikono.

Lorna alipoondoka Oman alinipa zile nota za stendi yetu, ndani ya faili la kijani. Ziko chini ya kitanda changu. Wimbo wa mwisho unaishia katikati ya ukurasa. Chini yake ipo mistari mitupu, ya kuandikia nota, haina kitu. Ilikuwa haina kitu.

Sasa ina penseli. Fe, sini, fe, sini, juu ya mistari isiyo na wimbo, kutoka ukingo mpaka ukingo. Hakuna pahala pa kupumzika. Nikifungua baada ya wiki, umeongezeka mstari. Ukurasa ulipojaa, nikatia karatasi nyingine tupu. Ikajaa. Nikatia nyingine.

Mwezi uliopita herufi zilianza kufifia. Nyembamba, zinakwaruza karatasi, kama mtu aliyebakiwa na kipande cha penseli kisichoshikika. Nilikaa nazitazama siku nzima. Kisha nikateremka dukani kwa Mbaluchi, nikanunua penseli mpya, ya mbao, haijachongwa, nikaitia ndani ya faili, nikalifunga kwa uzi, nikalikalia.

Nilikaa juu yake kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi. Sikuinuka.

Nilipolifungua, penseli ilikuwa imechongwa.